Johann Ludwig Krapf: Mlutheri wa Rabai na Mwanzo wa Sarufi ya Kiswahili

Mtaa wa Majengo, ulioko Pumwani upande wa mashariki wa jiji la Nairobi, ulianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, wakati serikali ya kikoloni ilipoamua kuwahamishia mahali pamoja Waafrika waliokuwa wamejijengea vijiji kandokando ya mji mpya. Waliohamia humo walitoka katika makabila mengi. Wengi wao walikuwa Waislamu, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Katika eneo hilo pana Msikiti wa Riyadha, na pana pia Kanisa la Kianglikana la Mtakatifu Yohana. Mtoto wa madrasa husoma herufi zinazotoka kulia kwenda kushoto. Mwimbaji wa kwaya hufungua kitabu cha nyimbo ambacho herufi zake hutoka kushoto kwenda kulia. Wakikutana njiani husalimiana kwa lugha moja. Mwanafunzi wa Kiswahili apitaye hapo ana haki ya kuuliza ni nani aliyeanza kuiandikia lugha hii sarufi na kamusi kwa herufi hizi za pili, na alisukumwa na nini.

Jibu la swali hilo linaturudisha pwani, katika vilima vya Rabai, na kwa Johann Ludwig Krapf. Aghalabu jina lake hutajwa madarasani kwa sentensi moja au mbili: kwamba alikuwa Mzungu wa kwanza kuuona Mlima Kenya, na kwamba alitunga sarufi ya kwanza ya Kiswahili. Makala hii inanuia kuyasimulia maisha yake kwa mapana zaidi, na hasa kulidhihirisha jambo lisilosemwa sana. Usharika alioutamani Krapf haukusimama machoni pake. Kilichosimama ni karatasi alizoziandika akiungojea usharika huo, na karatasi hizo hakuziandika peke yake.

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, katika ufalme wa Württemberg ambao leo ni sehemu ya Ujerumani. Wazazi wake walikuwa wakulima wa madhehebu ya Kilutheri. Alipokuwa na umri wa miaka 11 alipigwa vibaya na jirani aliyemdhania kuwa mtoto mwingine, akalala kitandani kwa muda wa miezi sita. Katika miezi hiyo alisoma Biblia kuliko alivyowahi kusoma. Baadaye, alipokuwa akisoma shule ya Kilatini mjini Tübingen, baba yake alimnunulia kitabu cha ramani. Kijana huyo alishangaa kuona jinsi upande wa mashariki wa Afrika ulivyokuwa na majina machache, akajiuliza kama nafasi ile tupu ilikuwa makao ya fisi tu. Huo ndio mwanzo wa hamu yake. Alijiunga na chuo cha wamishenari cha Basel, Uswisi, mwaka 1827, akaacha kwa muda, akahitimu masomo ya theolojia Tübingen mwaka 1834.

Hapa pana jambo la kulieleza, maana msomaji anaweza kujiuliza Mlutheri wa Kijerumani aliingiaje katika kazi ya Kanisa la Uingereza. Shirika la kimishenari la Kianglikana lijulikanalo kwa kifupi kama CMS lilianzishwa London mwaka 1799, lakini Waingereza wenyewe hawakuwa na pupa ya kwenda mbali. Wamishenari wake wa kwanza, waliotumwa Sierra Leone mwaka 1804, walikuwa Walutheri wa Kijerumani, na baadaye chuo cha Basel kikawa kisima ambacho Waingereza walichota watu humo. Fedha zilitoka London. Mikono na miili ilitoka Württemberg. Kwa mpango huo, Krapf alielekea Uhabeshi mwaka 1837.

Miaka yake ya Uhabeshi tutaipitia kwa haraka. Alifukuzwa Adwa mwaka 1838, akaishi Shoa katika himaya ya Mfalme Sahle Selassie kuanzia 1839 hadi 1842, na huko akajifunza lugha ya Waoromo. Watu hao aliwapenda mno, akiwafananisha na Wajerumani wenzake na kuamini kwamba wakiupokea Ukristo wao ndio watakaoueneza katika Afrika nzima. Njia ya Shoa ilipofungwa, aliwaza kuwafikia Waoromo kwa kupitia kusini. Hiyo ndiyo sababu iliyomleta pwani ya Waswahili. Kiswahili hakikuwa shabaha yake ya kwanza. Kilikuwa ngazi ya kumfikisha kwingine.

Mwaka 1842 alikuwa amemwoa Rosine Dietrich huko Misri. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa jangwani walipokuwa wakijaribu kurudi Uhabeshi, akafa. Januari 1844 wawili hao walifika Unguja, ambako balozi wa Marekani, Richard Waters, aliwapokea nyumbani kwake. Sultani Seyyid Said alimpa Krapf barua ya kumtambulisha kwa maliwali wa pwani kuwa ni mtu mwema ambaye anataka kuwaita watu kwa Mungu, na kuwaamuru wamsaidie. Kwa hakika, misheni ya kwanza ya Kiprotestanti katika Afrika Mashariki ilianza kwa ruhusa ya mtawala Mwislamu. Barua hiyo ilimpa makao Mombasa, na kufikia Mei ya mwaka huo alikuwa amekwisha kuhamia huko pamoja na mkewe.

Tarehe 8 Juni 1844 alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Aliyekaa naye katika kazi hiyo alikuwa Sheikh Ali bin Muhyiddin, kadhi wa Mombasa. Tutulie kidogo hapa. Krapf alikuwa na miezi michache tu pwani. Alijua Kiarabu, na kadhi naye alijua Kiarabu. Bila shaka lugha hiyo ndiyo iliyokuwa daraja kati yao. Mmoja alikuwa mchungaji aliyeuona Uislamu kuwa mpinzani wa kazi yake, na mwingine alikuwa mwanachuoni mwenye dhamana ya sheria ya Kiislamu mjini. Walikaa pamoja, wakazitafutia habari za uumbaji maneno ya Kimvita. Sura tatu za kwanza za tafsiri hiyo zilifika Marekani na kuchapishwa mwaka 1847 katika jarida la wataalamu wa mambo ya Mashariki. Wasomi wa ng'ambo walipata hapo kipande cha nathari ya Kiswahili kwa herufi za Kirumi, na jina lililokuwa juu yake lilikuwa la Krapf. Si haki kusema kwamba alimficha kadhi, kwa kuwa yeye mwenyewe alimtaja katika habari zake. Waliomsahau ni sisi tuliokuja baadaye na kuandika historia fupifupi za lugha.

Haukupita muda mrefu kabla ya msiba. Mwezi Julai homa ilimwangusha Krapf na kumwangusha Rosine, ambaye alikuwa ametoka kujifungua mtoto wa kike. Rosine alifariki tarehe 13 Julai 1844, na mtoto akamfuata baada ya siku chache. Kwa kutaka kwake mwenyewe alizikwa upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, mahali ambapo wapita njia wangeliona kaburi lake na kukumbuka sababu iliyowaleta wageni hao. Kaburi hilo liko Nyali hadi leo. Krapf aliwaandikia wakuu wake wa London kwamba kaburi hilo la upweke ni dalili kuwa vita vyao na sehemu hii ya dunia vimeanza, na kwamba waanze sasa kuifikiria Afrika yote kutokea mashariki. Msomaji wa leo anaweza kutetemeka kwa ukali wa imani ya namna hiyo. Mwandishi wa makala hii hutetemeka kila anapoifikiria barua hiyo, na bado anaamini kwamba asiyeielewa hatamwelewa Krapf hata kidogo.

Miaka miwili alikaa karibu peke yake, akijifunza lugha na kuandika. Tarehe 10 Juni 1846 alipata mwenzake, Johannes Rebmann, kijana wa miaka 26 kutoka Gerlingen, pia Mlutheri wa Württemberg na mwanafunzi wa Basel. Wazee wa Rabai walikubali wageni hao wakae kwao, na tarehe 25 Agosti 1846 wawili hao walipanda kilima wakiwa wagonjwa wa homa, punda mmoja akiwabeba kwa zamu. Walijenga nyumba na mahali pa kusalia. Hivyo ndivyo ulivyoanza usharika wa Rabai.

Usharika huo ulikuwa wa nani? Mwaka 1849 waliongezeka Jakob Erhardt na Johannes Wagner. Wagner alizikwa mwanzoni mwa Agosti mwaka huohuo. Mwaka 1851 Krapf alirudi kutoka Ulaya na wengine, wakiwamo mafundi, lakini Pfefferle alikufa upesi na mafundi wakashindwa na homa. Ukiwahesabu waliokuwa wakikusanyika Jumapili katika miaka hiyo, utakuta kundi dogo la wahamiaji wa Kijerumani waliolelewa Kilutheri, wakitumikia kanisa la Waingereza, katikati ya Wamijikenda ambao hawakuona haja ya kuiacha dini ya mababu zao. Mnyika wa kwanza kubatizwa, kama Wamijikenda walivyoitwa wakati huo, alikuwa Mringe, mtu mlemavu aliyebatizwa mwaka 1851 akiwa mahututi. Wa pili alikuwa Abe Gunja. Kwa miaka mingi makaburi ya usharika yaliongezeka upesi kuliko orodha ya waumini.

Ni lazima pia isemwe kwamba Krapf hakuwa mgeni mpole katika hukumu zake. Aliwaandika Wamijikenda kuwa walevi na watu wa dunia, akachoshwa na jinsi walivyomwomba zawadi, na mara chache alijiuliza wao walimwonaje mtu asiyelima, asiyefanya biashara na asiye na jamaa. Mila zao alizieleza kwa kirefu ili azilaumu. Hata hivyo, kwa kuwa alizieleza kwa kirefu, mtafiti wa leo hupata humo mambo ambayo hayamo kwingineko.

Safari zake za bara zinajulikana zaidi, kwa hiyo nitazigusia tu. Rebmann aliuona Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848. Krapf alikwenda Usambara mwaka huohuo kwa Mfalme Kimweri. Tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Kitui kwa Kivoi, mfanyabiashara mkuu wa Wakamba, aliuona mlima ambao jina alilolisikia kwa Wakamba ndilo lililozaa jina la nchi ya Kenya. Huko London mwanajiografia William Desborough Cooley alizikejeli habari za theluji karibu na ikweta. Agosti 1851 Krapf aliandamana tena na Kivoi kuelekea mto Tana. Walivamiwa njiani, Kivoi akauawa, na Krapf akatorokea porini bila chakula. Alipoufikia mto aliijaza maji mitutu ya bunduki yake kwa sababu hakuwa na chombo. Jamaa za Kivoi walimlaumu kwa kifo cha mzee wao, naye akatoroka usiku. Mtu aliyerejea Rabai baada ya hayo alikuwa amechakaa.

Katikati ya safari hizo mbili za Ukambani, mwaka 1850, Krapf alikwenda Ulaya na kuchapisha Tübingen kitabu chake cha misingi ya sarufi ya Kiswahili, pamoja na orodha ya msamiati wa lugha sita za Afrika Mashariki: Kiswahili, Kinyika, Kikamba, Kipokomo, Kiyao na Kioromo. Kwa wanafunzi wa Kiswahili hapa ndipo penye kiini cha habari. Katika kitabu hicho Krapf aliamua kuiandika lugha kwa herufi za Kirumi, na akatoa sababu. Baadhi ya sababu zake ni za kiisimu: hati ya Kiarabu kama ilivyotumiwa pwani haikutofautisha vizuri irabu e na i, wala o na u, na konsonanti kama p, v, g na ch hazikuwa na herufi zilizokubaliwa na wote. Sababu nyingine ni za kidini: aliogopa kwamba anayejifunza herufi za Kiarabu atafunguliwa mlango wa Uislamu, ilhali anayejifunza za Kirumi ataelekea kwenye vitabu vya Ulaya.

Wapo wanaomtetea Krapf kwa sababu za kwanza, na wapo wanaomlaani kwa sababu za pili. Rai yangu ni kwamba sababu za kiisimu zilikuwa za kweli ila hazikuwa ndizo zilizoamua. Hati ya Kiarabu ingaliweza kurekebishwa, na ilirekebishwa. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, katika gazeti lake la Al-Islah alilolianzisha mwaka 1932, aliandika Kiswahili kwa hati hiyo, kwa nyongeza na alama zilizomwezesha msomaji kuzitambua sauti za lugha yake. Kilichoamua ni hofu ya Krapf. Pia ni lazima tukubali kwamba uamuzi wa mtu mmoja mgonjwa juu ya kilima haungelibadilisha chochote kama shule za misheni na serikali za kikoloni hazingeufuata.

Lakini Krapf huyohuyo aliyeikwepa hati ya Kiarabu ndiye aliyezikusanya tenzi zilizoandikwa kwa hati hiyo. Mwaka 1854 aliipelekea Jumuiya ya Wajerumani ya mambo ya Mashariki, iliyokuwa na maktaba Halle, miswada ya Kiswahili aliyoipata pwani. Miongoni mwake ulikuwamo utenzi wa Herekali, ujulikanao pia kama Utenzi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728. Carl Büttner aliifanyia kazi miswada hiyo baadaye. Krapf alijua, basi, kwamba lugha aliyokuwa akiiandikia sarufi ilikuwa na fasihi andishi yenye umri wa zaidi ya karne moja. Alijua na akaihifadhi. Hapo sioni njia ya kuyalinganisha mambo mawili hayo; alikuwa mtu wa namna hiyo.

Afya yake ilimlazimisha kuondoka Afrika Mashariki mwaka 1853. Alikaa Korntal, kijiji kilichoanzishwa na Wakristo wa uamsho wa Württemberg mwaka 1819. Alioa tena mwaka 1856, na mwaka 1858 akatoa kitabu kikubwa cha safari zake. Hakutulia. Mwaka 1862 alikuwa tena pwani akiwasaidia Wamethodisti wa Uingereza kuanzisha kituo cha Ribe, si mbali na Rabai, na mwaka 1867 alikwenda Uhabeshi kama mkalimani wa jeshi la Waingereza, akaugua, akarudi.

Aliyebaki Rabai ni Rebmann. Alibaki hadi mwaka 1875, miaka 29 tangu afike, bila kurudi kwao, mkewe akiwa amezikwa hapo mwaka 1866 na macho yake yakiwa yamepofuka. Aliyemshika mkono hadi Ulaya alikuwa Isaac Nyondo, mwana wa Abe Gunja, yule mbatizwa wa pili. Rebmann alifia Korntal mwaka 1876, karibu na mwenzake. Huko Rabai usharika ulipata uhai kutoka upande ambao Wajerumani hao hawakuutazamia. Waafrika waliokombolewa utumwani na kulelewa Bombay, kama William Jones na George David waliofika mwaka 1864, pamoja na watumwa waliotoroka mashamba ya pwani, ndio waliojaza viti. Kanisa lililokua hapo likawa la Kianglikana. Walutheri wa Bavaria walipofika Jimba, jirani na Rabai, mwaka 1886, na kuendelea hadi Ikutha katika Ukambani, ilikuwa kana kwamba wanaanza upya. Na Vita vya Kwanza vya Dunia vikaikatiza kazi ya Wajerumani huko.

Katika miaka yake ya mwisho Krapf aliirudia kazi ya kamusi, akichanganya maandishi yake na yale ya Rebmann. Wakati huo Askofu Edward Steere alikuwa amekwisha kutoa kitabu chake cha lugha ya Unguja mwaka 1870, na Krapf hakupendezwa. Aliiona Kimvita kuwa lahaja bora na Kiunguja kuwa kimejaa maneno ya kigeni. Katika shindano hilo alishindwa: kamati ya lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ilikisimamisha Kiswahili Sanifu juu ya Kiunguja. Mshairi wa Mombasa anayelalamika hadi leo kuhusu jambo hilo huenda hajui kwamba ana mwenzake katika makaburi ya Korntal.

Krapf alifariki usiku wa tarehe 26 Novemba 1881. Alikutwa amepiga magoti kando ya kitanda. Kamusi yake ilichapishwa London mwaka uliofuata, naye hakuiona. Ni kitabu kigumu kutumia, kwa kuwa tahajia yake hubadilika kutoka ukurasa hadi ukurasa na maana nyingine huishia kwenye alama ya kuuliza, lakini kimejaa mifano ya usemi, mapishi, vyombo vya bahari na maradhi, kama yalivyosemwa Mombasa na Rabai katika miaka ya 1840 na 1850. A. C. Madan aliitumia katika kamusi yake ya mwaka 1903, na kwa Madan ikapita hadi kwenye kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939. Mwingereza H. K. Binns, aliyetumikia misheni ya pwani kwa miongo mingi, aliichukua kamusi ya Krapf, akaipanga upya na kuinyosha tahajia. Toleo lake lilitoka London mwaka 1925, wakati nyumba za kwanza za Majengo zilikuwa bado mpya na kuta zake zikikandikwa udongo.